Tuhifadhieni Viwanja vya Watoto: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mjini Magharibi. Waheshimiwa mameya na madiwani wa mabaraza yetu ya manispaa. Sheikh wetu Mufti wa Zanzibar. Baba Askofu wa Anglikana na Baba Askofu wa Katoliki. Na masheha wote wa shehia zetu.

Assalamu alaykum, na amani iwe kwenu nyote.

Nakuandikieni mimi mzazi na mkaazi wa Ng'ambo. Sina cheo. Jioni, baada ya sala ya alasiri, huwa kiwanjani na watoto wa mtaa, nawapigia filimbi wakicheza mpira, na kwa ajili hiyo wananiita mwalimu. Ombi langu nalitanguliza ili lisipotee katika maneno mengi: tuhifadhieni viwanja vya watoto mitaani, kwa hati na kwa mipaka inayojulikana, kwa sababu pale ndipo mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo wanapojuana katika mji huu. Pakiondoka pale, hapana pengine pa kuwakutanisha.

Nimesukumwa kuandika na jambo lililo mbele ya macho yangu. Kwenye kona ya kiwanja chetu kumeshushwa matofali na mchanga, na bikoni zimepigwa karibu na goli. Tumeuliza pa nani, na kwa idhini ya nani, tukapigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile. Simtaji mtu wala ofisi, maana sikuja kushitaki. Nimekuja kueleza kitu gani kinakwenda kupotea, kwa kuwa nahisi wengi wenu mnapotia saini mnaona kipande cha ardhi kitupu kisicho na kazi.

Tazameni siku ya mtoto wa hapa inavyokwenda. Mtoto wa Kiislamu asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuoni, yaani madrasa. Na yule wa mkondo wa mchana ni kinyume chake, asubuhi chuo na mchana skuli. Wengine wanarudi chuoni tena baada ya magharibi. Mtoto wa Kikristo anakwenda skuli ile ile, lakini wakati wenzake wako chuoni yeye yuko nyumbani au dukani kwa mama yake. Jumamosi ana mafundisho au kwaya, Jumapili ana ibada. Darasani wanakaa pamoja, ni kweli, lakini darasani wote wanatazama ubao. Ukipiga hesabu ya saa ambazo watoto hawa wako pamoja bila ya kupangwa na mtu mzima, unabakia na zile mbili na kidogo, tokea alasiri mpaka adhana ya magharibi. Na saa hizo zinahitaji mahali.

Kiwanja chetu si kikubwa. Magoli ni boriti za mkandaa, nyavu hatuna. Upande mmoja kuna mkungu, na chini ya mkungu ule wasichana wanacheza nage na kuruka kamba, na wadogo wanakaa na mdako wao. Golikipa wetu ni mtoto wa askari aliyehamishiwa hapa kutoka bara, Mkristo. Beki wa kulia ni mtoto wa mwalimu wa chuo. Mbele tuna kijana mdogo mwenye mbio sana, wa ukoo wa Wakristo wa Mbweni, watu ambao wako Unguja tokea karne ya 19 na ambao wanaudhika, na wana haki ya kuudhika, kila wanapoulizwa wamekuja lini kutoka bara. Na wengine waliobakia ni Waislamu, kama ilivyo mitaa yetu yote.

Zamani kabla ya mechi mmoja wao alikuwa akisoma Fatiha kwa sauti, wenzake wanaitikia amin, na golikipa anasimama pembeni akijishughulisha na glovu zake. Siku moja tunangoja kucheza na watoto wa mtaa wa pili, nahodha, mtoto wa miaka 11, akawaita wote katikati akasema: "Leo kila mtu asome yake kimoyomoyo, tukimaliza tunapiga kelele jina la mtaa." Wakafunga duara. Wengine wamefungua viganja, golikipa kafanya ishara ya msalaba, wakanyamaza kidogo, kisha jina la mtaa likasikika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya goli natia upepo mpira. Hapana mtu mzima aliyewafundisha lile. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya, na wageni wakija wanafuata.

Mwezi wa Ramadhani mpira unahamia usiku. Watoto wakiingia msikitini kusali tarawehe, golikipa anakaa barazani nje na mpira mapajani, anawalindia na ndara zao. Mchana wa Ramadhani hachezi peke yake na wala hatoki na maji mkononi. Hakuambiwa na askari wala na sheha; aliona wenzake wamefunga, akaona haya. Iddi ikifika anavaa shati lake zuri, anazunguka nao nyumba hadi nyumba kupokea mkono wa Iddi, kisha wanakwenda pamoja kwenye viwanja vya kufurahishia watoto Kariakoo ya hapa Unguja. Huko Pemba najua wanafanya hivyo hivyo kwenye viwanja vya Tibirinzi.

Na Krismasi ni zamu yake. Mama yake aliwahi kunigongea mlango asubuhi na mapema, kuku wawili mkononi, akanambia: "Jirani, naomba unichinjie hawa. Watoto wenu watakuja mchana, nataka wale bila ya wasiwasi." Nikachinja. Mchana watoto wakaenda na nguo zao za Iddi, wakala pilau ya kuku, wakanywa soda, wakarudi kiwanjani hawawezi kukimbia kwa shibe. Yule mama hakusomea popote mambo ya maelewano ya dini. Alifikiri tu juu ya watoto watakaokuja kwake, na kitu gani kitawafanya wale kwa raha.

Waheshimiwa, haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu kila pakitokea tatizo la kidini Zanzibar tunasikia mikutano ya amani kwenye hoteli, na viongozi wanapiga picha pamoja. Sidharau mikutano. Viongozi wakikaa pamoja na sisi tunapata utulivu. Lakini mtoto wa miaka tisa haendi kwenye mkutano. Yeye anajifunza kuishi na mwenzake pale anapokosewa faulo, pale mpira unapoingia uani kwa mtu na lazima mmoja ajitolee kubisha hodi, pale anapogombana na mwenzake saa 11 na saa 12 washapatana kwa sababu bila ya yeye timu haikamiliki.

Mgawanyiko ninaouona hauanzi kwa watoto. Siku moja mtu mzima alikuwa anapita, akamuona golikipa anakunywa maji kwa kikombe cha ndoo yetu. Akawaambia watoto kikombe kile kioshwe mara saba. Watoto walielewa vizuri amekusudia nini, maana chuoni wanafundishwa kwamba kinachooshwa mara saba ni chombo kilicholambwa na mbwa. Palikuwa kimya. Kisha beki wa kulia, huyo mtoto wa mwalimu wa chuo, akachota maji kwa kikombe kile kile bila ya kukisuza, akanywa mpaka mwisho, akampa wa pili. Yule mtu akaenda zake. Niliumia kwa siku nyingi, na nilipomweleza baba wa yule beki, mwalimu wa chuo mwenyewe, alichosema mpita njia, aliumia kuliko mimi.

Na upande wa pili pia yapo. Kuna mama mmoja wa Kikristo aliyemkataza binti yake kucheza nage chini ya mkungu kwa kuwa aliambiwa na wenziwe kwamba watoto wa Kiunguja wanavaa hirizi na watamtia majini. Msichana akawa anakaa dirishani anawatazama. Wenzake walikwenda kumuombea ruhusa, wakarudishwa, wakenda tena. Aliporuhusiwa ilikuwa kwa sababu mama alichoka kukataa. Sasa mama mwenyewe anatoka na kigoda jioni, anakaa na kina mama wenziwe, anasuka ukili anaofundishwa nao.

Tunajua gharama ya kuyawacha maneno kama hayo yakue. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto katika mji huu. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Mtoni, anakwenda kusalisha misa. Walioumizwa ni wa dini zote mbili, na hofu iliingia nyumba zote. Nakumbuka wazazi wakiwafungia watoto ndani jioni. Nakumbuka viwanja vitupu wakati wa alasiri, jambo ambalo katika umri wangu sikuwahi kuliona bila ya mvua. Watoto waliozaliwa miaka ile sasa wako sekondari. Hawaijui hofu ile, na nataka wadogo zao nao wasiijue.

Zanzibar ina historia ya kiwanja ambayo inafaa tuikumbushane. Kanisa la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Jengo lilisimamiwa na Askofu Edward Steere, chini ya utawala wa Sultani Barghash, Muislamu, na sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Mhindu katoa ardhi ili Mkristo ajenge katika nchi ya Muislamu, na juu ya mahali pa uchungu kama pale. Leo ukisimama Mkunazini unaona mnara wa msikiti na mnara wa kanisa kwa jicho moja. Ukitembea kidogo unafika Hurumzi kwenye hekalu la Kihindu, ukienda mbele zaidi kuna Minara Miwili ya Wakatoliki. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na matembezi hayo ndiyo tunayowauzia wageni wanaokuja na ndege. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini hizo ni kuta za waliotangulia. Watoto wa leo wanaishi Ng'ambo, Kwahani, Mpendae, Tomondo, Fuoni, Kisauni, na huko hapana mgeni anayepita kuwatazama wanaishi vipi.

Najua ardhi imekuwa finyu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Watu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi na wote wanataka kulala mahali. Najua pia kwamba mji huu haukukosa mipango. Ulipangwa mwaka 1923, ukapangwa tena 1958, ukapangwa 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, tukapata maghorofa ya Michenzani, na 1982 ukapangwa na Wachina. Mipango ya mji huacha nafasi za wazi. Zinazoliwa, zinaliwa baadae, kipande kipande: kwanza gereji ya mtu, halafu kibanda, halafu ukuta, halafu ghorofa. Hapana siku ambayo Serikali imetangaza kuondoa kiwanja cha watoto. Siku inayofuata tu hakipo.

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali tokea baada ya Mapinduzi. Hilo ndilo linalonipa matumaini, kwa sababu mwenye ardhi ni nyinyi, na mwenye kitu akitaka kukihifadhi hahitaji kumuomba mtu. Uwanja wa Amaan tuliupata mwaka 1970, na mwaka 2023 umefanyiwa ukarabati mkubwa, umependeza. Mao Zedong nao umejengwa upya. Mwaka 2027 tunatarajia kuwapokea wageni wa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda. Nafurahi sana. Lakini mchezaji haanzii Amaan. Anaanzia kwenye boriti za mkandaa na mpira wa soksi, na kama hapo pana ghorofa, hao watakaojaza Amaan watatoka wapi?

Mtaniambia watoto waende skuli, huko kuna viwanja. Skuli za ghorofa zinazojengwa tunaziona na tunazishukuru, kwa sababu zinakusudia kuondoa ile mikondo miwili na msongamano wa madarasa. Naomba kitu kimoja katika hizo: geti la skuli lisifungwe alasiri. Kiwanja cha skuli ni cha umma. Kikifunguliwa kuanzia saa 10 hadi magharibi, kwa usimamizi wa sheha na kamati ya wazazi, mitaa mingi itapona bila ya Serikali kununua hata futi moja ya ardhi. Na mkondo mmoja ukifanikiwa, watoto watakuwa na alasiri ya pamoja kuliko sasa. Hilo peke yake ni kubwa.

Mheshimiwa Waziri, nikiwa bado mlangoni kwako, kuna jambo jengine la skuli. Somo la dini ya Kiislamu linafundishwa katika skuli zetu za Serikali na wanafunzi wasio Waislamu wamesamehewa kulisoma. Ni vyema, na ni kwa mujibu wa uhuru wa imani ulio katika kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Lakini mtoto aliyesamehewa anakwenda wapi kwa kipindi hicho? Katika skuli moja ambayo sitaitaja, anatolewa nje akae chini ya mwembe, na siku nyengine anapewa ufagio afagie uwanja mpaka wenzake wamalize. Mwalimu huenda hakuwa na nia mbaya, huenda alitaka tu mtoto asizurure. Ila darasa zima linamuona dirishani akifagia. Watoto wanasoma picha haraka kuliko maandishi, na picha ile inawafundisha kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote. Naomba mwongozo mfupi kwa walimu wakuu: mtoto huyo apewe kitabu, apewe maktaba, apewe hesabu za kufanya, au, wanapofikia idadi, kanisa lao liruhusiwe kuleta mwalimu. Ufagio ukae mahali pake, na zamu ya usafi iwe ya darasa zima.

Sheikh wetu Mufti, na nyinyi Baba Maaskofu, msinielewe vibaya. Siombi dini zichanganywe. Mimi ni Muislamu, wanangu wanahifadhi Kurani, na nataka wakue katika dini yao. Yule mama wa kuku naye anataka mwanawe akue katika Ukristo wake, na Jumapili asubuhi hatumpangii mechi. Ninachoomba ni kwamba kile ambacho dini zenu zenyewe zinakisema kuhusu jirani kifike kwa watoto kwa sauti kubwa kama yanavyofika mengine.

Chuoni tulisomeshwa kisa cha Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaelekeza kwake, mfalme Mkristo, kwa kuwa ni mtu ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Wakapokewa, wakalindwa, Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele yake akamsomea Surat Maryam. Mtoto wa chuo anayekijua kisa hiki hawezi kuosha kikombe mara saba. Na Surat al-Maida, aya ya 5, chakula cha waliopewa Kitabu kimehalalishwa kwetu na chakula chetu kwao. Naomba Ofisi ya Mufti iwakumbushe walimu wa madrasa kuyapa mambo haya nafasi yake, na si kuyapitia mbio mbio kabla ya kengele. Kwenu Maaskofu naomba katika mafundisho ya Jumamosi na mahubiri yenu wazee waambiwe wazi kwamba jirani Muislamu si mtu wa kuogopwa, na kwamba hadithi za majini na hirizi zinawanyima watoto wao marafiki katika nchi wanayoishi.

Na ikiwa mnataka kufanya jambo moja pamoja ambalo watoto wataliona, njooni kiwanjani. Sheikh mmoja na padri mmoja, bila ya kipaza sauti, wakae kwenye benchi letu la ubao watazame mechi mpaka mwisho. Watoto watazungumza hilo mwaka mzima.

Sijawasahau wasichana. Wanapozungumzwa viwanja, akili za wanaume zinakwenda kwenye mpira, na kiwanja kikipungua wa mwanzo kusogezwa ni wasichana. Matofali yaliyoshushwa kwetu yamewekwa karibu na ule mkungu, na nage imeshahamia njiani ambako vespa na bodaboda zinapita. Wazazi wa kike wameanza kuwaita ndani mabinti zao mapema, na hawana kosa. Kiwanja kitakachohifadhiwa kiwe na upande wao unaojulikana, wenye kivuli na mahali pa mama kukaa. Mzazi wa Kiislamu na wa Kikristo hapa wanafanana kabisa: wote hawamwachi binti acheze mahali wasipoweza kumuona.

Kisheria sidhani kama naomba jambo geni. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika kifungu chake cha 31 unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, kwa watoto ambao kabla ya hapo walikuwa wametengwa katika skuli kwa asili na rangi zao. Waliokaa pamoja madarasani kwa tangazo lile ni bibi na babu wa watoto ninaowapigia filimbi. Tangazo la viwanja ni dogo kuliko lile, na halina gharama kama ile.

Kwa hiyo, masheha, mwanzo wa kazi uko kwenu. Kila sheha anajua viwanja vya shehia yake vilipo na vimebakia vingapi. Orodhesheni, hata kwa mkono kwenye daftari, mkiwa na wazee wa mtaa, mipaka ikapimwa kwa hatua, na orodha ipelekwe manispaa. Madiwani wapitishe kwamba kilichomo katika orodha hakipewi mtu kibali cha kujenga. Mkuu wa Mkoa atie mkono wake ili hata atakayekuja baadae akute jambo limekwisha. Ibandikwe nje ya ofisi ya sheha, kila mtu asome. Skuli zenye viwanja ziingizwe humo pamoja na saa za kufunguliwa geti.

Kuhusu kiwanja chetu, tunaomba ujenzi usimame mpaka pajulikane pana hati ya nani. Ikiwa mwenye matofali ana haki yake, apewe haki yake kwengine, na sisi wazazi tuko tayari kumbebea matofali kwa mikono yetu mpaka huko. Tumeshazungumza, Waislamu na Wakristo wa mtaa, na majina ya watakaobeba yameshaandikwa. Tunachosubiri ni jibu lenu, na tungependa litufikie kabla ya masika, kwa sababu mvua ikishanyesha fundi ataona ardhi imelainika na atachimba msingi.

Mkitaka kuja kuona wenyewe, kila siku isipokuwa Ijumaa tuko pale baada ya alasiri. Ijumaa tunacheza pia, ila tunachelewa kuanza. Jumapili golikipa wetu anafika baada ya ibada ya jioni, na mpaka afike langoni anasimama beki wa kulia.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mzazi na mkaazi wa Ng'ambo,
Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja